Mwambie Babu Yako

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Iringa, nilikuta viti vimepangwa mduara chumba kizima na meza hakuna. Nilidhani nimeingia kwenye mazoezi ya kwaya! Afisa Ustawi wa Jamii Mkuu, mama mfupi asiyejua kunong'ona, akanipokea: "Kamwene, binti. Unatafuta meza? Hapa hatuna. Meza ni ya kujifichia."

Hiyo ndiyo tiba ya familia niliyofundishwa, enyi vijana mnaoanza leo. Kijana akitoroka shule, akiacha kula au akinyamaza, hatumwiti peke yake. Tunaita nyumba nzima, wote wakae mduara waonane macho. "Asiyeonekana hatibiki," mkuu wangu alikuwa akisema, nami niliyashika maneno yale kama katekisimu. Nilikuwa na moto, jamani! Niliipenda kazi hadi nikawa naiota.

Nikahamishiwa Mbeya, kwenye kliniki moja ya mtaa wa Soweto, na mduara wangu nikaenda nao. Huko mwalimu mmoja akatuletea Tumpe, msichana wa kidato cha pili ambaye hakuwa amesema neno tangu baba yake azikwe. Babu mzaa baba alitaka kumchukua akaishi naye Rungwe. Mama yake, muuza vitunguu wa soko la Mwanjelwa, alitaka abaki. Daktari Mfawidhi, yaani mkuu wa kliniki, akaniachia mimi nishauri: abaki au aende.

Babu akaja, akakaa. Tumpe akakaa. Mama akafika mlangoni, akachungulia, akajifunika kichwa na kugeuka mbio. Kikao cha pili, vilevile. Babu akatikisa kichwa. "Unaona, nesi? Mtoto hamtaki huyu." Nami nilianza kumwamini mzee. Nikamfuata mama koridoni, damu inanichemka.

"Mama Tumpe, mbona unamkimbia mwanao?"

"Simkimbii mwanangu, dada. Namkimbia baba mkwe. Kwetu sisi Wanyakyusa, kwa mila ya wazee, mke wa mtoto haonani na baba mkwe wake. Tangu niolewe uso wake siujui, hata jina lake silitaji. Leo nikamkalie macho kwa macho? Nikimvunjia heshima, si ndiyo atamchukua kabisa?"

Macho yakanitoka pima. Kumbe ni mduara wangu uliokuwa ukimfukuza! Kwetu Kalenga, huko Iringa, mama yangu alimpakulia babu mzaa baba ugali huku wakitaniana. Mila hii ningeijulia wapi? Palepale nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikakitundika mlangoni. Mama akakaa kwenye benchi la koridoni, babu akabaki ndani, na Tumpe nikamsimamisha kizingitini, katikati yao. Daktari Mfawidhi akapita, akashangaa. "Vipi, umefungua duka la nguo?" Nikamwashiria anyamaze.

"Mwambie babu yako," mama akaanza nyuma ya kitenge, "sijakukataa hata siku moja. Nimebaki na wewe tu."

Babu alikuwa amesikia, sote tulikuwa tumesikia, lakini kwa mila yao maneno yale hayakuwa yamemfikia bado. Akamtazama mjukuu wake, akangoja. Midomo ya Tumpe ikatetemeka.

"Babu," akasema, sauti imekauka, "mama anasema hajanikataa. Na mimi nasema, nabaki."

Nilijiziba mdomo nisipige vigelegele! Mzee akavua kofia, akainamisha kichwa kukielekea kile kitenge. "Mwambie mama yako, ndaga, asante. Nimesikia."

Siku hizi nimestaafu, nalima mahindi Kalenga, na bado vijana wa kazi hunipigia simu kuuliza viti vipangweje. Nawajibu kwamba waulize kwanza nani haonani na nani. Sichoki kulisema hilo, na nikilisema furaha ya siku ile inanirudia yote.

Majuzi aliyepiga alikuwa Tumpe mwenyewe, sasa mama wa watoto wawili. Babu amefariki. Wakati wa kuaga mwili watu walimwambia mama yake asogee, mkwewe keshakufa, sasa anaweza kumwona. Akakataa. Akajifunika kitenge, akasimama mbali na jeneza, akamsukuma Tumpe mbele.

"Akaniambia, 'Mwambie babu yako, asante kwa kuniachia mtoto.'"

"Ukafanyaje, mwanangu?"

"Nikainama, shangazi. Nikamwambia."