Darasa Linalosikika Barabarani

Dada yangu amefundisha chekechea miaka ishirini na miwili, yote katika chumba kimoja, na kwa miaka hiyo alikuwa na namna moja tu ya kufundisha. Aliandika herufi ubaoni, akaweka kiganja nyuma ya sikio, akasema, "Siwasikii!" Watoto wakarudia kwa nguvu. "Bado siwasikii!" Hapo walifumba macho, mishipa ikawatoka shingoni, wakapaza mpaka mabati yakaitika. Ndipo alipopiga makofi.

Nyuma ya ukuta wa chumba hicho kuna karakana ya fundi wa mageti. Mashine yake ya kukatia chuma ikianza kulia, hata mtu mzima husahau alichotaka kusema. Dada hakuwahi kugombana naye. Aliwaambia watoto wamshinde. Fundi mwenyewe alikuwa akichungulia dirishani na kusema, "Mwalimu, leo mmenifunga mbili bila." Wazazi nao walipenda. Mzazi akipita akasikia a, e, i, o, u zikiruka ukuta, alijua mwanawe anasoma. Shule ikasifika hivyo: darasa linalosikika barabarani.

Mwaka jana kiongozi wa sauti alikuwa msichana wa miaka mitano. Kila mtu alimwita Chiriku, maana hakunyamaza hata akitafuna. Alikuwa akilelewa na bibi yake. Dada alimsimamisha mbele na kijiti cha kuonyeshea herufi. Yeye akitaja, wenzake wakiitikia. Muhula wa pili sauti yake ikaanza kukwaruza. Asubuhi ilikuwa na nafuu, kufika saa nne imekauka kama ya mtu aliyemeza mchanga. Wenzake waliona kichekesho. "Chiriku amekuwa babu!" Naye akacheka pamoja nao, lakini kicheko hakikutoka. Ulitoka upepo tu.

Bibi alidhani ni mafua. Akampa maji ya moto yenye tangawizi na asali, wiki ya tatu, ya nne, ya sita. Homa hakuna, kikohozi hakuna. Mwishowe akaja kusimama mlangoni kwa dada.

"Mwalimu, nisindikize hospitali. Mimi wakinieleza mambo yao yanaingia sikio hili, yanatokea lile."

Dada akamwachia mpishi watoto, akaenda. Alinisimulia jioni yake jikoni, amenipa mgongo, akisugua sufuria iliyokwisha kutakata zamani. Kuna watu hulia. Dada yangu huosha vyombo.

Daktari wa koo alipitisha mrija mwembamba wenye kamera puani mwa mtoto, akawaonyesha picha. Nyuzi mbili nyeupe za sauti, na katikati ya kila uzi kinundu kidogo.

"Mshika jembe huota sugu kiganjani," alisema. "Hii ni sugu ya kupiga kelele. Bibi, nyumbani huyu anapiga kelele?"

"Nyumbani tuko wawili, daktari. Anipigie kelele za nini, na mimi masikio ninayo?"

Daktari akamgeukia dada. "Na wewe ni nani wake?"

"Mwalimu wake."

Hakuuliza zaidi. Alisema kwa mtoto wa umri ule upasuaji si wa kukimbilia. Vinundu vya namna hiyo mara nyingi hunywea koo likipumzishwa. Ila akiendelea kupayuka, sauti inaweza kubaki hivyo miaka na miaka. Miezi mitatu asipige kelele, anywe maji mara kwa mara, halafu warudi.

"Ulijisikiaje?" nilimuuliza dada.

"Sikujisikia chochote, mdogo wangu. Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita kasoro, nikawaza watoto wanatoka bila mimi."

Kesho yake alichukua kile kijiti mkononi mwa Chiriku, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo darasa zima litanong'ona. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Ilimwingia tu kwamba kinyume cha kelele ni mnong'ono. Watoto wakadhani mchezo. Wakanong'ona herufi, wakanong'ona nyimbo, wakanong'ona kuomba kwenda chooni. Fundi alizima mashine akaja dirishani.

"Mwalimu, kuna msiba?"

Mama mmoja alimhamisha mwanawe, akasema hawezi kumleta mtoto kulala shuleni wakati kitanda anacho nyumbani. Mwalimu mkuu akamwita dada ofisini. Siku ya wazazi ilikuwa inakaribia.

"Watoto wako watasomaje mbele ya wageni?"

"Polepole."

"Na nani atawasikia?"

"Watakaokaa karibu."

Baada ya wiki mbili Chiriku alikuwa hoi zaidi. Hata mnong'ono ulitoka kwa kujikamua, shingo imekakamaa. Dada na bibi wakamrudisha kabla ya tarehe. Daktari akashika kichwa.

"Nani kawaambia anong'one? Kunong'ona kwa kujikaza nako kunachosha koo. Nilisema asipige kelele, sikusema asiongee. Aongee kawaida, kwa ulaini, kama unavyoongea na mtu mliyekaa naye benchi moja."

"Ni mimi niliyewaambia," dada akasema.

Bibi akaguna. "Basi tumeruka majivu tukakanyaga moto."

Dada akaanza upya. Nilikwenda mara kadhaa kumsaidia kusogeza madawati, na sikumwona na ari wala uchungu. Alifanya kama mtu anayekunja nguo. Aliwakalisha watoto nusu duara, upande wa mbali na karakana, yeye katikati kwenye kiti kifupi. Anayemtaka mwenzake asimwite, amfuate alipo. Kila mmoja alikuwa na chupa yake ya maji. Waliozoea kukohoa kusafisha koo kila dakika, aliwafundisha kupiga funda moja badala yake. Wavulana walioiga malori uwanjani aliwaomba waige baiskeli.

Halafu akazunguka ukuta kwenda kwa fundi.

"Naomba chuma ukikate baada ya saa sita, watoto wakishatoka."

Fundi akavua miwani yake. "Hilo tu? Asubuhi naweza kupaka rangi. Miaka yote hii mbona hukusema?"

"Sikujua kama inawezekana."

"Hukuuliza, mwalimu."

Siku ya wazazi watoto walisoma kwa sauti ya kawaida. Waliokaa safu mbili za mbele walisikia. Waliokaa nyuma walitazama simu zao. Chiriku alisoma sentensi moja pamoja na wenzake, akaketi. Mwalimu mkuu hakumsemesha dada mpaka muhula ukaisha.

Miezi mitatu ilipotimia daktari alitazama tena. Kinundu kimoja hakikuonekana, cha pili kilikuwa kimenywea. Akamwambia Chiriku ataje jina lake. Sauti ikatoka, nzito kidogo kuliko zamani, lakini nzima. Bibi akamkumbatia daktari, akamkumbatia dada, akamkumbatia na nesi aliyekuwa anapita. Dada, kwa maelezo yake mwenyewe, alisimama kama mlingoti.

"Na wengine niwalete?" aliuliza.

"Mwenye sauti iliyokauka zaidi ya wiki tatu, mlete."

Alipohesabu darasani alipata wanne. Jioni hiyo akaniomba tufuatane kwa wazazi wao, tukaanza na nyumba ya jirani. Mama mtu alikuwa akianika nguo uani. Mwanawe alikuja akatuamkia, na salamu yake ilikuwa na mkwaruzo ambao hata mimi niliusikia. Dada akaeleza yote, polepole, bila kujitetea. Yule mama akacheka. Sauti yake mwenyewe ilikuwa safi kama maji.

"Mwalimu, huyu si mgonjwa. Ndivyo alivyo. Hata dada yake mkubwa, yule uliyemfundisha, sasa yuko darasa la saba, anayo hiyo hiyo. Tunasema ni ya ukoo wa baba yao."

"Ilianza lini?"

Mama akafikiri, kibanio cha nguo kati ya meno. Akakitoa.

"Huyo mkubwa? Alipoanza chekechea."

Dada alitoa daftari mkobani, akaandika jina la yule binti chini ya yale manne. Kisha akafungua ukurasa mpya, akaandika juu yake "Wa miaka ya nyuma", chini akaacha patupu, akamuuliza yule mama binti hurudi saa ngapi kutoka shule.