Michi Miwili na Mtambo wa Kamsamba

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla ya ufunguo. Nilikaa kwenye ngazi za kituo cha mitambo ya simu pale Tunduma, malori ya kwenda Zambia yakiunguruma barabarani, mpaka Mkuu wa Kituo akaja na koti lake zito la baridi. Nilichutama nikamwamkia kama tulivyolelewa kwetu Mbebe. Akaitikia, akafungua mlango, kisha akasimama pembeni.

"Pita, mwanangu."

"Tangulia wewe, mzee."

"Ukingoja nitangulie mimi, tutafanyia kazi hapa nje."

Nikapita. Katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake sikumwona akimtangulia mtu mlangoni, awe mhandisi au mfagiaji. Ndivyo alivyokuwa.

Ilikuwa miaka ya mageuzi. Mitambo ya zamani ilikuwa ikiondolewa na ya kidijitali ikiletwa, na sisi mafundi tulijifunza upya. Ninyi mnaoanza leo mnakuta kila kitu ndani ya kadi moja ndogo; niwaeleze tulivyokielewa sisi.

Mtambo wa kidijitali hutuma sauti kama mfululizo wa moja na sifuri, kwa kasi kubwa sana. Mtambo unaopokea lazima ujue ni lini hasa usome. Ukisoma mapema au ukichelewa, utachukua moja mahali pa sifuri. Lakini hautumiwi saa pamoja na ujumbe. Unapaswa kuipata saa ndani ya ujumbe wenyewe.

Hilo lilinishinda kulielewa. Mchana Mkuu wa Kituo akanichukua hadi nyumbani kwake, nyuma ya kituo, ambako mkewe na shemeji yake walikuwa wakitwanga mahindi, michi miwili kwenye kinu kimoja.

"Unaona hawagongani? Nani amewapa saa?"

"Hakuna, mzee. Wanasikilizana."

"Shemeji anamsikiliza mke wangu. Mke wangu hamsikilizi mtu."

"Nimekusikia!" mkewe akajibu bila kukosa pigo. "Leo utakula hayo maneno yako."

Tuliporudi kituoni alinifungulia mtambo. Ndani kulikuwa na kristali inayotoa mapigo yake yenyewe, na pembeni yake saketi ya kulinganisha awamu. Kulinganisha awamu ni kutazama kama pigo letu limeangukia mahali pamoja na pigo linaloingia. Letu likiwahi, saketi hushusha volti kidogo na kristali hupunguza mwendo, likichelewa, huipandisha. Njiani volti hiyo hupita kwenye kichujio, ambacho kazi yake ni subira, ili kristali isishtuke kwa kila mtikisiko. Na zikija sifuri tupu kwa muda mrefu, saketi hukosa cha kulinganisha, kama mtwangaji ambaye mwenzake amenyamaza. Ndiyo sababu ujumbe huvurugwa kwa mpangilio maalumu kabla ya kutumwa, ili mabadiliko yasikosekane.

Baadaye nilihamishiwa Mbozi, chini ya Fundi Mkuu aliyependa chai kuliko maneno. Wimbi likichezacheza kwenye oskiloskopu, kile kioo kinachochora mapigo, alikuwa akisema, "Usiguse skrubu. Kunywa kwanza, halafu litazame tena." Mara nyingi nilipolitazama tena niliona nilichokuwa nimekiruka. Namshukuru mpaka leo.

Kutoka hapo nikapelekwa Kamsamba, bondeni, kwenye joto na mashamba ya mpunga, kufunga redio mpya ya kupitishia simu, ya kuunganisha tarafa ile na Tunduma. Mkuu wa kituo kile kidogo alikuwa amefundishwa kazi na bosi wangu wa kwanza. Aliponipokea alisema, "Wewe ni mtoto wa kaka yangu, basi hapa ni kwenu."

Kabla ya redio ile, muuguzi wa kituo cha afya, ambaye wote tulimwita Sista, alituma habari za mgonjwa mahututi kwa dereva wa lori la mpunga na kuomba Mungu. Sasa alikuwa na simu. Lakini simu ile ilikatika kila siku. Ukizima mtambo na kuuwasha inapona, inafanya kazi kwa saa kadhaa, halafu inakatika tena. Tulilaumu joto. Tulibadilisha kadi, tukafunga feni, tukaezeka nyasi juu ya bati. Mhandisi wa Kanda akatuambia wazi: isipotulia, redio itahamishiwa kwingine.

Mchana mmoja Sista alikuja mbio hadi mlangoni kwetu.

"Dada fundi, imekatika nikiongea na daktari! Mama anavuja damu, mtoto hajatoka, na gari sijaambiwa kama linakuja!"

Nilichukua simu ya mafundi, inayopita njia yake peke yake kwenye redio ile. Mkuu wa Tunduma akaitika. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye swichi ya kuzima na kuwasha, ndipo nikakumbuka ile michi miwili nyumbani kwake.

"Mzee, mtambo wako unafuata saa ya nani?"

"Ya kwenu. Huko yuko mdogo wangu na mitambo mipya, nitamtanguliaje?"

Niligeuka. Mkuu wa Kamsamba alikuwa ameinamisha kichwa.

"Na mimi nimeweka wetu ufuate wa kwake," akasema. "Ndiye aliyenifundisha."

Basi ndiyo hivyo. Michi miwili, kila mmoja ukiufuata mwenzake, na hakuna unaoongoza. Mwendo ulikuwa ukiteleza polepole kutoka huku kwenda kule na kurudi, hadi unavuka kiwango ambacho kristali inaweza kukifuata na simu inakatika. Joto halikuwa na kosa.

"Basi kaka aongoze," akasema Mkuu wa Kamsamba.

"Hapana, mdogo wangu, ongoza wewe," sauti ikajibu kwenye simu.

"Siwezi, kaka."

"Wazee wangu!" Sikuwahi kuwapandishia sauti wakubwa. "Sista amesimama hapa. Tunduma iongoze. Mzee, tangulia!"

Nikasikia swichi ikigeuzwa upande wa pili. "Nimetangulia, mwanangu."

Taa ya hatari ikazimika. Sista akashika simu ya mezani, akampata daktari, akaandika maelekezo kwenye kiganja na kukimbia. Jioni gari likaja. Mama yule alirudi kutoka hospitali na mtoto wake mgongoni, na redio ile ikabaki Kamsamba. Haikukatika tena kwa sababu ile.

Nilistaafu nikiwa nimerudi Tunduma, minara ya kampuni za simu za mkononi ikiwa imejaa kila kilima. Nashukuru kwa wakubwa walionisahihisha kidogo kidogo bila kunivunja, na kwa wenzangu waliosikiliza. Ninyi vijana, sikilizeni sana kazini. Ila siku mkiitwa kuongoza, msione haya.

Kwenye sherehe ya kuniaga wale wazee wawili walikuja, mmoja na fimbo, mwingine amemshika mkono. Tulipofika mlango wa ukumbi nilisimama pembeni kuwapisha. Na wao wakasimama.

"Tangulieni, wazee wangu."

Mkuu wa Tunduma akanisukuma taratibu kwa fimbo. "Tulishafundishwa, sisi. Leo tunafuata mchi wako."

Nikatangulia.