Shubiri ya Kaburini

Shangazi yangu Mwantumu ndiye aliyekabidhiwa kuku wa nyama wa kijiji, mwaka ule tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa na nyumba zetu za zamani zikabaki mahame. Vifaranga waliletwa kwa lori kutoka Korogwe, pamoja na unga wa dawa wa kuchanganya kwenye pumba ili wasiharishe na wanenepe upesi. Mwenyekiti, mzee Isihaka, alitangaza mkutanoni kwamba kuku wakidumaa banda litafungwa, na kina mama watarudi shamba la pamba. Shangazi alikuwa na mguu mbovu. Shamba lile asingeliweza.

Unga ukaisha. Bwana mifugo, Ponsiano, alikuja kwa baiskeli akasema hata Tanga haupatikani. Kuku wakaanza kuharisha, mabawa yakalegea.

Kuku wetu wa kienyeji tuliwanywesha maji ya shubiri. Lakini kijiji kipya kilikuwa kimefyekwa peupe. Shubiri ya karibu zaidi ilikuwa mahameni, juu ya kaburi la mume wa shangazi, Mdoe. Na kurudi mahameni kulikatazwa; aliyeonekana huko alihesabiwa kuwa anakitoroka kijiji.

Shangazi alikwenda. Akakata majani, akayaloweka, akawanywesha kuku. Kuharisha kukapungua. Alipokwenda tena, mgambo walimkuta njiani na kikapu, wakampeleka kwa mwenyekiti. Nilimfuata, nikakaa mlangoni.

"Bi Mwantumu, umerudi mahameni?"

"Mlituhamisha sisi, mzee. Shubiri mliiacha."

Mgambo mmoja alicheka. Mzee Isihaka hakucheka. Aliyatazama yale majani, kisha akauliza kama kuku wanakula. Shangazi akamwambia wanakula. Ndipo mwenyekiti akaamua shangazi aende mara moja tu, aing'oe na mizizi yake, aipande bandani. Baada ya hapo asirudi.

Kwetu kung'oa mmea wa kaburini si jambo dogo. Nilimsindikiza. Alimwomba mumewe radhi kwa Kizigua, kwa sauti ya chini, kisha akang'oa miche yote ila mmoja.

Kuku hawakunenepa upesi kama wale wa unga, lakini walikua. Ponsiano akaja kuwachukua, na banda halikufungwa. Shubiri ikashika kando ya uzio. Kila Alhamisi jioni shangazi alisimama pale, akafumbua viganja, akamsomea mumewe Fatiha. Wapita njia walitaniana kwamba Bi Mwantumu anawaombea kuku dua.