Niliilazimisha Rakori, Wakamfukuza Mama Ntumba

Atukuzwe Mungu wa rehema, aliyenipa mvi na bado hajachoka nami. Ndugu yangu, nisikilize: mkosaji ni mimi.

Nilifanya kazi ya mabomba mgodini hapa Kolwezi hadi nikastaafu. Kanisa letu la Dilala lilipopata pampu kubwa iliyokwisha kutumika, ya kujaza birika la ubatizo, mimi shemasi ndiye niliyeachiwa kazi. Ilibaki kununua rakori mpya tu, kile kiungo cha chuma kati ya bomba na pampu.

Rakori hulinganishwa na ile ya zamani. Meno yake ya kuzungushia yakitofautiana na ya pampu, hata kama upana ni mmoja, hayaumani. Hayo niliwafundisha wengine! Lakini mimi nilikwenda sokoni mikono mitupu, nikachagua kwa jicho. Jicho la shemasi, bwana!

Ilizunguka kidogo, ikakwama. Nikaikaza kwa nguvu, nikaifunga vipande vya mpira wa ndani wa tairi, kisha nikaiombea. Naam, niliiombea rakori!

Mama Ntumba, mjane anayefagia kanisa, akapita wakati naijaribu.

“Tata Shemasi, hapa maji inavuya. Hii kitu itapasuka.”

“Mama, chunga ufagio yako.”

Jumapili pampu ikawashwa. Birika lilipokaribia kujaa, rakori ikachomoka! Bomba likarukaruka kama mlevi wa harusini, likamchapa pasta, akazama birikani kabla ya wanaobatizwa.

Watu wakatafuta shetani. Mmoja akakumbuka: “Mama Ntumba alisema itapasuka! Alijua namna gani? Ni mulozi!”

Mchawi, kwa sababu aliona maji yanavuja! Nami, ole wangu, nilikuwa na ile rakori mkononi, meno yamesagika. Nikaitia mfukoni, nikaimba nao wimbo wa kufukuza mapepo. Tena kwa sauti ya juu.

Mwanawe akamtolea vitu nje. Mama akapanda treni kwenda kwa dada yake, kule mji wa Mutshatsha.

Usingizi uliponikimbia, nikasimama kanisani: “Hakuna bulozi. Ni mimi nilikosea rakori.”

Wakapiga makofi! “Ona moyo ya Tata Shemasi, anabeba zambi ya ule mama!” Unyenyekevu wangu ukasifiwa, na mama akabaki mchawi.

Nikamfuata Mutshatsha, nikapiga magoti na kumweleza yote. Alikuwa anamenya mihogo, hakuinua uso.

“Balikupigia makofi?”

“Ndiyo, mama.”

“Basi haujasema. Rudia kule, useme mpaka baache kupiga.”

Nimesema tena, Jumapili baada ya Jumapili. Makofi yamepungua; sasa wanasema uzee umenipanda kichwani. Namshukuru Mungu, tunasogea. Lakini Mama Ntumba hajarudi.

Wewe unayeunganisha mabomba, linganisha kabla ya kukaza. Na ukikosea, sema palepale, kabla kosa lako halijavikwa mtu asiye na wa kumtetea. Mungu akubariki wewe uliyenisoma, akupe mkono wenye subira na kinywa kisichochelewa.