Zablon Alinijia Homa Bay Akiwa Bado Ogwedhi

Nianze na waliokuwepo, ili mtu asije akasema bibi huyu anatunga. Alikuwepo Zablon Ogweno, mume wangu, baba ya mapacha wetu Apiyo na Adongo. Yeye alilinda mlingoti wa redio juu ya kilima, ukishapita soko la ng'ombe la Ogwedhi, mpakani na Wamasai. Alikuwepo Tobias Okelo, aliyemwoa Perez, mdogo wangu wa kunifuata. Tobias ndiye aliyekuwa mkubwa wa ofisi ya Homa Bay, na ndiye aliyetutafutia kazi sisi wawili, Zablon kule kilimani, mimi kupika chai na kufagia. Alikuwepo Philister Aoko, aliyekaa kwenye redio ya ofisi kuita na kuitikia. Tulipanga ploti moja, mlango wake ukitazama wangu. Mwishoni alikuja fundi kutoka Nairobi, Isaac Wafula. Nilisoma hadi darasa la tatu tu, lakini jina la mtu halijawahi kunitoka kichwani.

Jambo hili lilitokea. Sikusimuliwa na mtu. Lilinipata mimi, miaka ya tisini, nikiwa na akili zangu zote.

Kampuni yenyewe ilikuwa ndogo. Ilikodisha redio kwa madereva wa malori ya miwa kule Awendo, kwa wenye samaki hapa Homa Bay, na kwa wanunuzi wa dhahabu wa Masara. Sauti ilikuwa inaruka kutoka mlingoti wa kilima kimoja hadi kingine. Zamani kila mlinzi alikuwa na redio yake ya mkononi, na asubuhi Philister aliwaita mmoja mmoja. Mimi nilikuwa naweka birika chini nisikilize. "Ogwedhi, mmeamkaje huko?" Na Zablon anajibu, "Tumeamka. Jenereta ni nzima. Mwambie Mama Apiyo sukari imeisha." Malori yote ya Awendo yalijua hali ya sukari yangu.

Kisha ikaletwa kompyuta. Tobias aliniita niione, akifurahi kama mtu aliyepata mtoto wa kiume. Kwenye kioo chake kulikuwa na vilima vimechorwa, na kila kilima kina kinyumba cha kijani.

"Shemeji," akaniambia, "hii haihitaji kusimuliwa. Chini ya kila mlingoti tumeweka sanduku. Kila baada ya muda kidogo kompyuta inaliita sanduku na kuliuliza: mafuta yako kiasi gani, betri ikoje, mlango umefungwa? Sanduku linajibu, na hii picha inajibadilisha yenyewe. Kilicho kule ndicho kilicho hapa."

"Na watu?" nikamuuliza.

"Hata watu. Mlinzi akiamka anabonyeza kitufe kwenye sanduku. Utamwona."

Kweli nikamwona. Asubuhi nikifika, mlango wa kile kinyumba cha Ogwedhi ulikuwa mtupu. Chai ikikaribia kuchemka, kamtu kadogo kanatokea mlangoni, kamesimama wima. Huyo ndiye Zablon amebonyeza. Mimi nilizoea kukasalimia. "Baba Apiyo, umeamka?" Philister alikuwa anacheka mpaka anafuta macho. "Ameitikia, mama? Muulize kama sukari ipo."

Redio za mkononi Tobias akazikusanya, akazikodisha kwa wateja wengine. Sanduku linatosha, alisema.

Zablon alikuja nyumbani mwisho wa mwezi kama kawaida. Alipokuwa akipasua kuni panga likamkata kiganja cha kulia. Nikararua upindo wa leso yangu ya kijani nikamfunga, nikampaka na ile dawa ya hudhurungi inayonuka hospitali. Asubuhi ya kuondoka nilimnyoa kichwa na ndevu kwa wembe. Nikamkaangia karanga, nikamfungia kwenye karatasi zikiwa za moto, akaziweka mfuko wa shati. Mvua zilikuwa zimeanza, nami nilitaka kwenda naye nimfulie nguo na blanketi zake. Akakataa. "Usipande kilimani, barabara imeharibika. Mimi niko sawa." Akaenda. Shika hayo maneno, utayasikia tena.

Baada ya hapo ndipo nilianza kuona kitu. Nikifika ofisini, hata nikifika mapema kabla ya kufungua madirisha, kamtu kalikuwa tayari kamesimama mlangoni.

"Mzee siku hizi anaamka mapema," nikamwambia Philister.

"Labda amepata wa kumwamsha huko kwa Wamasai."

Tukacheka sote. Tobias alikuwa amekaa pale pale. Hakucheka.

Halafu siku moja akapita Nashon Odero, mfanyabiashara wa ng'ombe, jamaa ya Zablon kwa upande wa mama. Akaniambia Zablon hakuonekana soko la Ogwedhi kununua unga, na soko lililofuata pia hakuonekana. Nikaenda kwa Tobias moja kwa moja.

"Shemeji, Nashon anasema mtu wangu haonekani."

Akanigeuzia kompyuta. "Si huyo hapo? Nyumba ni ya kijani, mafuta yamejaa, na yeye mwenyewe amesimama. Nashon anauza ng'ombe, ataona nini?"

"Nataka nipande nimwone."

"Na mvua hii? Utavunjika mguu halafu Perez aniulize mimi. Kilicho kule ndicho kilicho hapa, Mama Apiyo. Nimekuambia."

Sikuridhika. Nilienda nyumbani nikafunga mzigo: unga, chumvi, omena, dawa. Nilipanga kuondoka alfajiri.

Jioni hiyo stima ilipotea. Giza lilikuwa halijaingia sawasawa, watu wanaonekana bado. Nilikuwa nimeinama nawasha stovu nikasikia Philister huko nje anakoosha vyombo, "Karibu mzee, leo umetukumbuka." Nikainua kichwa. Zablon alikuwa mlangoni mwangu.

Niamini. Si kivuli, si moshi. Ni Zablon, na ile shati yake ya mistari, kichwa kimenyolewa kinang'aa. Nilifurahi, nikainuka. Nikamwambia aingie. Hakuingia, hakukaa. Akasema, "Usipande kilimani, barabara imeharibika. Mimi niko sawa."

"Nani amekuambia nataka kupanda? Na wewe umefikaje, kama barabara imeharibika?"

Akacheka kwa pua, vile alivyokuwa anacheka. Akatoa karatasi mfukoni akaninyooshea. Karanga. Nikachukua, na zilikuwa za moto. Unasikia? Za moto kama zimetoka kwenye sufuria. Nikala moja. Chumvi ni ile yangu. Na niliporudisha mkono nikaona kidole changu kina damu, maana kile kitambaa cha leso kwenye kiganja chake kilikuwa kimelowa, na dawa ya hospitali inanukia mpaka kwangu.

"Umejikata tena?"

"Mimi niko sawa."

Wewe ungefikiria nini? Mtu wako amesimama mbele yako, umekula kutoka mkononi mwake. Nikageuka kumchukulia kikombe. Niliporudi na kikombe, mlango mtupu. Nikatoka nje. Philister bado ameinama kwenye karai.

"Zablon ameelekea wapi?"

"Si yuko kwako? Hajatoka huku."

Ploti ile ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na Philister alikuwa ameuziba na karai lake. Nikajiambia ameruka ua kwenda kumwona Tobias kabla hajalala. Nikafungua mzigo. Unga nikaurudisha kwenye debe. Mume wangu mwenyewe amekuja akanikataza kwa mdomo wake, ningeenda kutafuta nini? Ingekuwa ndoto, ningeenda.

Kesho yake nikamuuliza Tobias kama Zablon alifika kwake. Akanitazama vibaya. "Angefikaje na yuko kazini? Si huyu hapa amesimama?" Sasa hapo mtu mwingine angeshtuka. Mimi nilijituliza. Kompyuta inasema ni mzima, na mwenyewe amesema ni mzima. Nilikuwa na mashahidi wawili, na wote wawili walinidanganya.

Siku zikapita, akaja Isaac Wafula kukagua mitambo. Kijana mpole, alinisalimia kwanza kabla ya kumsalimia Tobias. Akakaa mbele ya kompyuta, nami niko nyuma yake na birika. Akatazama kioo muda mrefu. Kisha akauliza bila kugeuka:

"Nani amezima kuuliza?"

Akamgeukia Tobias.

"Bwana Tobias, hii picha ni ya lini?"

Tobias akaanza kukohoa. Akasema wenye malori walilalamika. Kila kompyuta ilipoita masanduku, redio zao zilikuwa zinakoroma na kukata maneno, na yule mteja mkubwa wa samaki alitaka kuhama. Kwa hiyo akazima ile ya kuuliza yenyewe. Alikusudia awe anauliza kwa mkono, asubuhi na jioni.

"Na umeuliza?"

Tobias akaanza kupanga karatasi za mezani.

Wafula akanieleza mimi, ndiyo, mimi mpika chai, kwa sababu aliona sijaondoka nyuma yake. "Mama, hii kompyuta haioni kilimani. Inauliza tu. Isipouliza, inakaa na jibu la mwisho ililopewa, na inakuonyesha hilo hilo kila siku." Halafu akabonyeza.

Awendo ikajibu, ikabaki kijani. Masara ikajibu, kijani. Ogwedhi ikakawia. Kisha maandishi yakaanza kushuka kwenye kioo, ya Kiingereza, na Philister akanisomea. Mafuta yameisha. Betri inakaribia kuisha. Mlango uko wazi. Kitufe cha mlinzi kimebonyezwa. Kimebonyezwa. Kimebonyezwa. Alisoma hivyo mpaka akaacha, na maandishi bado yanashuka. Yalipofika mwisho, kinyumba kikawa chekundu, na yule mtu mdogo akaondoka mlangoni.

Tulienda na gari la Wafula, mimi, yeye na Philister. Tobias alisema abaki aangalie ofisi.

Zablon alikuwa ameanguka kutoka ngazi ya mlingoti, nyonga imevunjika. Wachungaji walikuwa wamehamisha ng'ombe kwa ajili ya mvua, hakukuwa na mtu wa kusikia kilio. Alijikokota mpaka kwenye sanduku, akakaa chini yake, na tulimkuta hapo, mkono umeinuliwa. Jerikeni la maji lilikuwa karibu naye, limekauka. Daktari wa Migori alinitoa pembeni akaniambia huyu hajamaliza siku mbili tangu afe.

Hesabu mwenyewe. Jioni ile aliponipa karanga, alikuwa hai. Alikuwa kilimani anabonyeza kitufe. Ningebeba mzigo wangu alfajiri ile, ningemkuta anapumua.

Na nikamtazama vizuri, maana ni mimi niliyemwosha. Ndevu zilikuwa zimeota, nyeupe. Kiganja cha kulia kilikuwa kimepona zamani, kuna kovu tu, kavu. Kile kitambaa cha leso alikuwa amekifua akakianika kwenye msumari. Karatasi ya karanga aliikunja vizuri akaiweka dirishani, tupu.

Basi nani alikuja kwangu? Sisi Wajaluo tuna jachien, mzimu wa mtu aliyekufa na uchungu, anarudi kusumbua. Lakini jachien ni wa aliyekufa. Huyu hakuwa amekufa. Yule aliyekuja alikuwa Zablon wa siku ile nilipomnyoa, na damu ile ile, na maneno yale yale. Hakujua chochote kilichotokea baada ya hapo. Nimeuliza wazee wa kwetu, nimeuliza mchungaji wa kanisa, hakuna aliye na jina la kitu hicho. Wengine wananiambia ni mapenzi, alikuja kuniaga. Mapenzi gani yanakuja kukufungulia mzigo?

Kuna usiku huwa namchukia Zablon kwa hilo, halafu nakumbuka yeye alikuwa anabonyeza. Yeye hakuniacha. Ni sura yake tu ndiyo iliyoniuza.

Tobias je? Tobias alijua. Kila asubuhi alikaa pale akinisikia nasalimia kitu alichokigandisha mwenyewe, na hakuniambia. Mazishini alileta ng'ombe dume. Watu wa dala, yaani boma la kina Zablon, walimpokea, mimi mkono wake sikuupokea. Perez ni damu yangu, huja kwangu tunakula, lakini kizingiti cha nyumba yake sijakivuka tena.

Tangu hapo mimi nina tabia ambayo wajukuu wangu wanaichekelea. Akinipigia simu mmoja akasema, "Dani, niko sawa," maana ndivyo wanavyoniita bibi yao, namuuliza, leo umekula nini? Mvua imenyesha huko? Kile kidonda cha wiki jana kimekauka? Nataka kitu cha leo. Nawe fanya hivyo. Mtu wako akisimama mlangoni na maneno uliyokwisha kuyasikia, usifungue mzigo. Mtazame ndevu. Mtazame kidonda. Na kama umewekwa mahali pa kuwaulizia watu hali, waulize kweli, maana kuna mtu ameketi chini ya sanduku anabonyeza.

Nimeyaandika kama ninavyokumbuka, na mimi ni mzee sasa. Kama aliyekuwepo anasoma hapa na kuna nilipokosea, jina au rangi ya leso, anisahihishe, sitakasirika. Wewe hasa, Philister. Ulimkaribisha kabla yangu, pale kwenye karai, na mimi nakumbuka alikuitikia. Kama hakukuitikia, niambie.