Siku Waliyozima Muziki Apite

Jumanne, tarehe 12 mwezi wa nane. Kumekucha na baridi, upepo unaleta vumbi na harufu ya salfa, maana watu wanapulizia mikorosho. Mchana jua limewaka lakini upepo haujakoma.

Leo pia mume wangu hakwenda msikitini. Adhuhuri aliswali chumbani, alasiri akaswali chumbani. Nimeona niandike ilivyokuwa, kwa sababu nikisimulia kwa mdomo najikuta naegemea upande mmoja: leo namlaumu kijana wa duka, kesho najilaumu mwenyewe. Mimi ni wa darasa la saba na mwandiko wangu si wa kujivunia, lakini kwenye karatasi naweza kurudi nyuma nikasoma kama nimemwonea mtu.

Mume wangu haoni. Hakuzaliwa hivyo. Alikuwa mkulima wa korosho na ufuta kule Likunja. Macho yalipoanza kuingia giza pembeni akasema ni moshi wa kuchoma mashamba, halafu akasema ni salfa. Tulipofika kwa daktari wa macho Nachingwea tukaambiwa ni presha ya macho, na tumechelewa. Tukahamia hapa Ruangwa mjini, kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yake, ili awe karibu na msikiti.

Kitu alichokikataa tangu mwanzo ni kushikwa mkono. "Miguu yangu haijapofuka," husema. Njia ya msikitini aliijua kwa masikio. Akitoka uani anasikiliza mashine ya kusaga, lazima iwe mkono wa kushoto. Akishaipita anasikia vyerehani vya mafundi barazani, hapo anajua mtaro umekaribia, anautafuta kwa fimbo. Mbele ni kijiwe cha bodaboda, vijana wanabishana mpira, na hapo ndipo pa kuvukia. Anasimama, anaisikiliza barabara, anavuka. Ng'ambo ya pili anafuata mlio wa maji ya watu wanaotawadha, na amefika.

Akirudi alikuwa ananipa habari. "Yule fundi wa mwisho leo hayupo, cherehani chake kimelala." Au, "Leo mashine inasaga mahindi, muhogo hakuna." Mimi mwenye macho napita palepale na sina nilichokiona.

Na chakula vilevile. Nikishatenga, nagonga ukingo wa bakuli la mboga kwa kijiko, mara moja tu, na mkono wake unakwenda wenyewe. Hatukukubaliana kwa maneno. Siku moja kijiko kiligonga bakuli kwa bahati mbaya, akanyoosha mkono, basi ikawa ndiyo desturi yetu.

Nisiandike pia kwamba anachukia kelele, kwa sababu si kweli. Siku za mechi alikuwa anatoa kiti nje aisikilize sauti ya kibanda wanachoonyeshea mpira. "Hilo limeingia," anasema. "Hilo amekosa, na aliyekosa ni wa kwetu." Kelele ya namna hiyo alikuwa anaisoma kama mimi ninavyosoma gazeti la kufungia maandazi.

Mwaka jana, korosho zilipoisha kuuzwa, fremu ya duka inayotazamana na mafundi ikapata mpangaji. Kijana mpole, mtoto wa wale wafugaji waliokuja na ng'ombe zao kutoka kanda ya ziwa. Baba yake aliuza ng'ombe ampe mtaji. Anauza simu, chaji, redio na sabufa. Siku ya kufungua alitoa nje spika mbili, kila moja imenipita kimo, na tangu siku ile zinalia kuanzia anapofungua mpaka anapofunga. Katikati ya muziki imo sauti yake mwenyewe aliyoirekodi: "Wahi, wahi, wahi! Simu kubwa, simu ndogo, chaji, kava! Ukikosa usimlaumu mtu!"

Watu wa mtaa wakasema, "Hawa wageni walituletea ng'ombe mashambani, sasa wametuletea na makelele." Niliposikia nilicheka, lakini nilipofika nyumbani niliona si haki. Saluni ya jirani yake ni ya mama wa hapahapa, Mmwera mwenzetu, naye hakukaa muda akatoa spika yake. Muuza chipsi naye. Ukimuuliza mmoja anakwambia aliyeanza ni mwenzake, na yeye akipunguza hasikiki. Hata sisi, binti yetu alipoolewa, tulikodi muziki ukapigwa mpaka alfajiri na hatukumuuliza jirani yeyote amelalaje. Kwa hiyo kelele ile sikujua niipeleke kwa nani. Kila mmoja anayo kidogo tu.

Lakini ile kidogo kidogo ndiyo iliyommeza mume wangu. Kwanza niliona anachelewa kutoka. Anasimama kwenye kona ya nyumba na fimbo yake, anageuza sikio huku, anageuza huku. Halafu siku moja akaingiza fimbo kwenye jiko la muuza chipsi. Halafu kijana mmoja wa bodaboda akaja nyumbani, akanivuta pembeni.

"Mama, nisikufiche. Babu leo kasimama katikati ya lami kama mtu aliyesahau alichofuata. Nimemkwepa kwa uwezo wa Mungu."

Mume wangu mwenyewe hakunisimulia habari hiyo. Tangu siku hiyo nikawa namfuata kwa nyuma, najifanya napeleka muhogo mashineni. Zamani angenijua. Alikuwa anazijua kandambili zangu tangu niko mbali, anasema, "Umerudi mapema." Sasa nilikuwa natembea nyuma yake karibu kabisa na hajui kama kuna mtu. Hilo liliniuma kuliko habari ya lami.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Siwezi kusema alinidharau, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Usiku ningekusaidia, mama," akasema. "Mchana nitamzimiaje mtu aliyelipa kodi yake? Watasema mwenyekiti hataki maendeleo."

"Na mzee wangu?"

"Si mumtafutie mtoto wa kumshika mkono?"

Basi nikaenda mwenyewe dukani. Ilibidi nipige kelele ili niseme nimekuja kwa sababu ya kelele. Kijana aliponiona nahangaika akazima mara moja, akanifutia kiti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nina ombi. Mume wangu, yule mzee wa fimbo, anatembea kwa kusikiliza. Huu muziki unamzibia njia."

Alishika kichwa kwa mikono miwili. "Yule babu? Mbona mnanyamaza, mama! Sisi tunaona anapita, tunasema mzee yuko freshi."

"Sisemi uzime siku nzima. Kwa nyakati za swala tu, apite."

"Siku nzima siwezi kweli, nisikudanganye. Nikizima mteja anajua nimefunga. Ila babu akitokeza pale kwenye kona, nazima. Na hawa wenzangu nitaongea nao mimi." Akatoka hapohapo, akaingia saluni, akaenda kwa muuza chipsi. Nikawaona wanatikisa vichwa kukubali. Nilirudi nyumbani moyo mweupe. Mume wangu sikumwambia. Nilitaka aone tu mtaa wake umerudi, nisimwekee deni la shukrani.

Kesho yake adhuhuri nilikuwa mashineni na ndoo yangu. Akatokeza kwenye kona. Kwanza ukazima muziki wa duka, halafu saluni, halafu chipsi. Nilisikia vyerehani. Nilisikia fimbo yake inagusa mawe, na alipoupata mtaro wala hakusita. Nilimwona bega linashuka, kama mtu aliyetua mzigo. Ningeweza kulia.

Halafu spika ikakohoa.

"Haloo, haloo. Jamani, tunaomba utulivu! Babu yetu asiyeona anapita! Boda, simama hapo! Wewe mwenye baiskeli, mpishe mzee! Haya babu, nyoosha, nyoosha tu... kulia kidogo... hapohapo! Mpigieni makofi babu!"

Na wakapiga. Kina mama wa saluni walitoka na vitambaa vichwani wakapiga makofi. Muuza chipsi akaita, "Songa mbele, babu, goli liko wazi!" Watu wakacheka, kicheko cha upendo, naapa hakikuwa cha dharau. Kijana mmoja akainua simu arekodi.

Mume wangu alisimama. Aligeuza uso upande huu na upande huu. Nadhani kwa mara ya kwanza alisikia jinsi watu walivyo wengi wanaomtazama. Kisha akageuka, akaanza kurudi nyumbani. "Si huko, babu! Umepotea!" spika ikapiga kelele. "Msikiti uko nyuma yako!" Alipopotelea kwenye kona kijana akasema, "Asanteni kwa utulivu wenu, tuendelee na burudani," na muziki ukarudi.

Nilimkuta ameketi kitandani na kofia yake kichwani.

"Nani kaenda kunisemea?"

Sikuweza kumdanganya. "Mimi."

"Umenitangaza kama mtoto aliyepotea sokoni."

"Mimi sikusema wakutangaze. Nilisema wapunguze."

"Ulisema mume wako hawezi kupita."

Ndivyo nilivyosema, ingawa kwa maneno mengine.

"Katika kelele nilikuwa napotea peke yangu," akasema. "Leo nimepotea mbele za watu."

Nilirudi dukani kumwomba kijana asitangaze tena. Aliumia. Niliona kwenye uso wake kwamba aliumia.

"Mama, si ulisema nizime? Nimezima. Sasa nikizima bila kusema kitu watu wananiuliza kuna nini, boda wanaendelea kupita mbio. Nimemsimamishia mtaa mzima!"

"Najua, baba. Umefanya wema."

"Basi nitamshika mkono mimi mwenyewe, kila swala. Duka atakaa mdogo wangu."

"Hataki mkono."

"Sasa mama unataka nini?"

"Nataka apite kama watu wengine."

"Lakini babu si kama watu wengine, mama." Alisema bila ubaya wowote. Nikaaga.

Nimekaa nikifikiri kosa lilikuwa la nani, na kila nikimshika mmoja ananiponyoka. Kijana ana mtaji wa baba yake mle ndani. Mama wa saluni anatafuta riziki kama mimi na maandazi yangu. Imamu alituma watu wawili waje kumchukua mume wangu, nao walikuja kwa adabu, akawapa chai na hakutoka. Labda mimi ndiye niliyeharibu. Ningenyamaza, angalau angeendelea kwenda kwa kupapasa. Au angegongwa. Sijui. Ninachojua ni kwamba mtaa mzima ulikuwa tayari kumpa kila kitu, makofi, mikono, hata chipsi za bure angetaka, ila kile kitu kimoja alichokuwa nacho hapo mwanzo, ambacho hakikuwa kimemgharimu mtu yeyote chochote.

Binti yetu aliposikia alipiga simu kutoka Nachingwea. "Mleteni baba huku, kwangu kumetulia." Juzi tukaenda. Kwenye basi muziki ulikuwa unatetemesha vioo, tukasema haya, ni safari. Tukashukia hotelini tunywe chai, kuna televisheni inasema na redio inaimba, zote mbili, na mhudumu akituuliza chai ya rangi au ya maziwa tulikuwa tunamwonyesha kwa vidole. Kwa binti yetu kweli kulikuwa kimya mpaka saa kumi jioni, ndipo jirani aliyefungua kijiwe cha kunyoa akawasha. Binti yetu alisema, "Huyu? Huyu si kila siku." Mume wangu akatabasamu. "Turudi nyumbani," akaniambia. "Huku nako wapo. Kule angalau kitanda nakijua."

Kwa hiyo tumerudi, na hatoki. Hajanigombeza tena, wala hanipi habari za mtaa, maana habari hana. Jana alitaka kujua kama mashine ya kusaga bado ipo au wameihamisha. Nikamwambia ipo, inasaga. Akasema, "Aa."

Leo jioni kwenye lile duka kuna ofa, simu mpya zimeingia, na spika zimeongezwa. Hapa nyumbani bati linaitikia. Nimefunga mlango na dirisha, haikusaidia kitu. Nimepika ugali wa muhogo, mbaazi za nazi, na samaki mkavu aliyetoka Lindi. Nikatandika mkeka, nikatenga, nikagonga ukingo wa bakuli kwa kijiko. Mkono wake haukwenda. Alikaa akisubiri, uso ameuinua. Nikagonga tena, kwa nguvu, mpaka mchuzi ukaruka mkekani.

"Hujatenga bado?" akauliza.

Nikamshika mkono nikauweka kwenye bakuli. Hakuutoa. Tukala.