Kilio cha Majaribio

Habari hii nilitaka ife hukohuko milimani, lakini siku hizi hata nikishuka Same mjini kununua vocha kuna mama mmoja muuza nyanya ananinyooshea kidole na kumwambia mwenzake, "Ndiye huyu, aliyemzushia mama yake kifo," kwa hiyo nimeona heri niisimulie mwenyewe, maana wakisimulia wengine wanaongeza na jeneza, na jeneza halikuwepo jamani, watu walikuwa bado wanatafuta mbao.

Mimi naitwa Elinipa, nina miaka ishirini na saba, na naishi na mama yangu, sisi wawili tu, kwenye nyumba yetu huko juu Pare Kusini, kijiji cha tangawizi na migomba. Nilisoma chuo, nikarudi, ajira hakuna, nikajiunga na mtandao mmoja wa kazi, ile ya kuweka picha yako na kuandika unachoweza halafu unaomba kazi kwa watu usiowajua na ambao hawana hamu ya kukujua. Nikaandika: sauti na tafsiri, Kiswahili. Mnajua inavyokwenda (na kama hamjui, shukuruni): hupewi kazi kwa sababu huna nyota za sifa kutoka kwa wateja, na huna nyota kwa sababu hujawahi kupewa kazi. Unaomba asubuhi, ukifungua mchana unakuta walioomba ni mia na themanini na mmoja wao kasema ataifanya bure. Wengine wanakwambia tuma kwanza jaribio, unatuma, wanakaa kimya, halafu siku moja unasikia sauti yako mwenyewe ikitangaza dawa ya mende. (Niliisikia kwenye simu ya jirani. Nilijivunia kidogo, Mungu anisamehe, ndipo nikakumbuka kukasirika.)

Mama aliivumilia kazi hii kama unavyomvumilia mgeni asiyeaga. Lakini asubuhi ya siku ninayoisimulia, wakati bodaboda inafungwa magunia yake mawili ya tangawizi ashuke nayo gulioni Ndungu, akaniambia, "Elinipa, nimeongea na mjomba wako wa Makanya. Anataka mtu wa kumkalia dukani. Jumatatu utakwenda."

"Mama, leo nina jaribio. Hili ni la kweli."

"Hata lile la kwanza uliniambia la kweli, mwanangu. Mimi nimechoka kukuona unaongea na ukuta."

Hakusema kwa ukali, na ndiyo maana iliniuma. Nilinuna. Bodaboda ikaondoka, mama akapunga mkono, na mimi nikajifanya nasoma simu. Sikumuaga.

Sasa jaribio lenyewe. Mteja alikuwa anatengeneza mchezo wa kusikiliza, akataka sauti ya binti anayeletewa habari kwamba mama yake amefariki. Dakika moja tu, mwisho wa kupokea saa tisa alasiri. Maneno aliyaandika mwenyewe: "Mama! Mama umekwenda wapi? Umeniacha na nani?" Na chini akaweka onyo kwamba hataki maigizo ya sokoni, anataka kilio cha kweli.

Kwa kawaida huwa narekodia stoo ya mahindi, ambayo iko nyuma kabisa na magunia yanameza sauti, lakini siku ile kuku alikuwa ameatamia humo na hataki kuona mtu. Nikaamua, basi, nitarekodia chumbani kwa mama. Huo ndio uamuzi wangu wote, hakuna mwingine, na kila kilichofuata kilitoka hapo. Nikatundika blanketi mbili dirishani, nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, nikafunga na wa chumbani, nikaziba masikio kwa spika za masikioni ili niisikie vizuri sauti yangu. Nilichosahau ni kwamba nyumba yetu haina dari. Blanketi zilizuia sauti za nje zisiingie kwangu, lakini zangu zilipanda juu ya ukuta zikatoka zote kwenye paa kama moshi wa jikoni, na dirisha la mama linatazama njia ya watu wote.

Na kwetu mtu akilia namna ile hapigiwi simu kuulizwa kuna nini. Unaacha jembe pale lilipo, unakwenda.

Nililia mara kumi na moja. Mara ya kwanza nilikuwa kama mtangazaji wa sabuni. Ya nne ilikuwa ya mbuzi. Ya saba, sijui ilikuwaje, nikamkumbuka mama kwenye zile kona za mlimani, amekaa juu ya magunia, amepunga mkono na mimi nimeangalia simu, na hapo nikalia kwelikweli mpaka kamasi zikatoka, nikasahau hata maneno ya mteja nikayarudia vibaya. Nilipomaliza ya kumi na moja nikavua spika masikioni, nikajifuta uso, nikafungua mlango wa mbele nikapunge upepo.

Uwanja ulikuwa umejaa watu. Mabenchi ya kanisani yameshafika, wanaume wawili wako juu ya mparachichi wanafunga turubai, mafiga yamewekwa, moto umewaka, sufuria kubwa imetengwa, kuna lundo la kuni ambalo sisi wawili tungelitumia mwezi mzima, na mwinjilisti amesimama na kitabu chake cha nyimbo amekishika kwa mikono miwili. Nikashtuka. Nikauliza kwa moyo mweupe kabisa, "Jamani, nani amekufa?"

Mama Nakiete, jirani yetu wa bondeni kidogo, ambaye alikuwa amejifunga khanga kiunoni na macho yamemvimba, akapiga ukunga. "Ameshachanganyikiwa! Mshikeni!"

Wakanishika. Walijua mama ameshuka asubuhi kwa bodaboda, wamesikia binti yake analia ameachwa na nani, wamegonga mlango hafungui, wakajumlisha wenyewe: ajali ya barabarani. Na ukweli ni kwamba hata ningekuwa mimi ningejumlisha hivyohivyo.

"Mama hajafa!" nikasema.

"Ndiyo mwanangu," akasema mwinjilisti kwa upole, "hajafa. Amelala tu."

"Hajalala! Yuko Ndungu anauza tangawizi! Mimi nilikuwa naigiza, ni kazi, ya mtandaoni!"

Mzee Eliaichi, mzee wetu wa kanisa, mwenye mguu mbovu ambao alikuwa amepanda nao kilima kizima kwa ajili yetu, akatikisa kichwa akasema, "Mpeni maji ya sukari."

Nikapiga simu ya mama mbele yao, nikaweka sauti kubwa wamsikie. Haipatikani. (Betri yake ikishinda gulioni huwa inakata roho kabla ya mwenye nayo kurudi, mimi najua, lakini wao walisikia kingine.) Watu wakaanza kulia upya. Na nitawaambia ukweli, kwa dakika nzima hivi hata mimi niliamini. Nilijiona nimeuita msiba kwa mdomo wangu na umeitika.

Ikabaki njia moja tu. Nikainua simu nikawachezea rekodi. Yote, kwa sababu kwa kiwewe sikukumbuka kuisogeza mbele. Watu hamsini chini ya turubai wanasikiliza "Mama! Umeniacha na nani?" halafu mtu anakohoa, halafu sauti yangu, kavu kabisa, inasema, "Hapana, hii imekuwa ya mbuzi. Tena." Halafu kilio. Halafu, "Sukuma kwa tumbo, Elinipa, siyo kwa pua. Tena." Mwinjilisti alifunga kitabu cha nyimbo. Wale wa juu ya mparachichi wakaacha kufunga kamba wakabaki wananing'inia. Ardhi haikupasuka, nami niliisubiri.

"Kwa hiyo," akasema Mama Nakiete polepole, anafungua khanga kiunoni, "mimi nimelilia simu."

Mtu mmoja akaanza kucheka, wa pili akamfuata, na ninadhani wangecheka wote yakaisha kama Mzee Eliaichi asingeinua mkono. "Ngojeni. Kijana wetu Elisaria nimemtuma Ndungu akamtafute mama wa huyu hospitali. Na watu wameshapigiana simu huko chini."

Hapo kicheko kikakatika. Simu ya Elisaria ikawa haipokelewi, yuko barabarani. Ya mama imezima. Hakuna aliyerudi nyumbani kwake. Mama Nakiete akasonga mbele kwenye benchi, akasema, "Tutamsubiri. Hatuwezi kuondoka, akute moto na mabenchi matupu." Nikakaa katikati yao na aibu yangu. Na nitakiri jambo baya kuliko yote: saa tisa kasorobo niliinuka nikajificha nyuma ya choo, penye mtandao mzuri, nikatuma ile ya saba. Na huko chini mama alikuwa tayari njiani.

Alichonisimulia baadaye ni hiki. Alikuwa anapima tangawizi, akaja kijana wa bodaboda wa kijijini kwetu, siyo Elisaria, mwingine, kofia mkononi, akamwambia, "Shikamoo mama. Nimepigiwa simu, kuna msiba kwako." Akamuuliza nani. Akajibu, "Sijaambiwa mama, twende tu." Mama akaangalia mizani. Nyumbani kwake wanaishi watu wawili, na mmoja ndiye huyo amesimama sokoni. Aliacha tangawizi, akaacha mchele alioununua, akapanda. Yule kijana anasema mlima wote alikuwa anageuka kuangalia kama bado yupo.

Mimi nilimwona anatokea kwenye kona. Aliiona turubai, akateremka kabla pikipiki haijasimama, ndala moja ikabaki njiani. Hakupiga kelele. Hakusema umeniacha na nani, hakusema lolote katika yale niliyoandikiwa, alikuwa anatoa sauti ndogo tu kooni huku anasukuma watu kwa mikono kama anayepita kwenye mahindi, na watu wanamwambia "Mama Elinipa, tulia, mtoto mzima" na hasikii. Nilikuwa nimesimama mlangoni. Akanipita. Naapa, alinipita mimi, akaenda moja kwa moja chumbani kwangu kitandani, akakuta kitanda kimetandikwa, ndipo akageuka.

Akaja akanishika uso. Akashika masikio, mabega, mikono hadi vidole, kama anayenunua kitu asichokiamini. Halafu akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema sijala. Akanipiga kofi moja la bega, zito, likanitingisha mpaka meno, halafu akanivuta kifuani na hakuniachia. Alikuwa ananuka tangawizi na vumbi la barabara. Nilimwambia yote hapohapo, kwenye bega lake, watu wote wanasikia, na nililia kilio kibaya, cha ovyo, ambacho hakuna mteja angekipokea. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda mama yangu pale mlangoni, na sijawahi kujiona mjinga hivyo.

Makande ya msiba yalikuwa yameshaiva. Mama akasema hayamwagwi, watu wakala, na Elisaria aliporudi jioni ametafuta maiti isiyokuwepo, kaapa hatumwi tena na mtu yeyote, akapewa sahani iliyojaa kuliko zote.

Jumamosi mteja akajibu. Mistari miwili: wanashukuru, wamesikiliza, kilio hakiaminiki, wananitakia kila la heri. Nilimsomea mama akiwa anachambua maharage.

"Hakiaminiki?" akasema.

"Ndivyo alivyoandika."

Akafikiri kidogo, akatupa kijiwe. "Huyo mtu hana majirani."

Jumapili baada ya ibada niliomba radhi mbele ya watu, nikasamehewa, wakacheka, nikadhani yamekwisha. Nje ya kanisa Mzee Eliaichi akaniita pembeni, mama yuko ubavuni kwangu. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akasema, "Elinipa, sina kinyongo. Lakini nina swali na ninataka unijibu kama mtu mzima. Siku ukilia kweli, sisi tutajuaje?"

Nilisimama naangalia mguu wake, ule mbovu, na nikaelewa nilichokichezea siku ile. Mama ndiye aliyemjibu.

"Mje," akasema. "Hata mkimkuta anaigiza, mje tu, nitawapikia chai."

Jumatatu ilifika na Makanya sikwenda. Niliamka nimeshafunga begi, mama akalirudisha chini ya kitanda kwa mguu, akasema mjomba atapata mtu mwingine, mimi nikae hapa anione, niongee na ukuta nikipenda. Naongea nao mpaka leo. Nimepata nyota nne, nasoma masomo ya watoto na maelekezo ya mashine za kufulia, na mama akishuka Ndungu namsindikiza mpaka kwenye bodaboda namuaga mpaka dereva anachoka.

Juzi mteja mmoja mwenye sifa nzuri, mtu ambaye miaka miwili nimekuwa nikiomba anijibu tu, kanitafuta mwenyewe. Anataka mjane anayemlilia mumewe. Nilimwandikia kwamba naweza kumpa mjane anayecheka, anayepika, anayegombana na mashemeji zake kutwa nzima, lakini anayelia hapana, atafute mwingine. Kilio changu nimewawekea majirani.